Sindano Ikitulia

Nyumbani kwa Kasiano, kule Mwakiro, mkoa wa Muyinga nchini Burundi, palikuwa na msumari mmoja ukutani ambao haukutundikwa kofia wala rozari kama misumari ya nyumba nyingine. Ulitundikwa regulata ya kupigia mbizi. Ilikuwa na kichwa kizito cha chuma cha kufunga kwenye mtungi wa hewa, mpira mweusi mrefu, na mwisho wa mpira kikombe chenye mdomo ambao mzamiaji huuma ili avute pumzi akiwa chini ya maji. Mwakiro ni milima, migomba na maharage. Mto Ruvubu upo, lakini una viboko, na mtu mwenye akili timamu huutazama kwa mbali. Kwa hiyo kila mgeni aliyeingia kwa Kasiano aliuliza kile ni nini, na kila aliyejibiwa alitoka akitikisa kichwa. Jirani yake Fredi, ambaye hakuwahi kuuhama mlima ule hata siku moja, alishikilia kwamba ni kifaa cha kukamulia ng'ombe na kwamba Kasiano anaficha tu kwa sababu ng'ombe hana.

Kasiano alicheka naye, maana angefanya nini? Alikuwa mmoja wa abahungutse, ndivyo wanavyoitwa kwa Kirundi waliorudi kutoka ukimbizini, na mtu aliyerudi hujifunza kuchekwa mapema. Alivushwa kwenda Tanzania akiwa mgongoni mwa mama yake. Alikulia katika kijiji cha wakimbizi, akachunga mbuzi za watu, akalima mashamba ya watu, na ujana ukamkuta Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye yadi ya bwana mmoja aliyekuwa akisafirisha samaki hai kwenda Ulaya. Samaki wenyewe walikuwa wadogo kama kidole, wa rangi rangi, wa kutazamwa na si wa kuliwa. Kasiano alipowasimulia hilo watu wa Mwakiro, ndipo walipoamini kabisa kwamba huyu ni mwongo.

Wazamiaji wa yadi walishuka na nyavu zao chini kabisa kwenye mawe. Kasiano alibaki juu, mezani, kwenye kivuli cha bati. Kazi yake ilikuwa kuzitunza regulata, na aliyemfundisha alikuwa mzee mmoja wa Ujiji, Ilyasi, mtu mwenye kipara, mikono mikubwa na subira isiyo ya kawaida. Hewa ya mtungini, Ilyasi alimweleza, imeshindiliwa kwa nguvu ya kupasua kifua cha mtu. Kichwa cha chuma kinaipunguza nguvu, mpira unaipokea, kile kikombe cha mdomoni kinaipunguza tena mpaka inakuwa pumzi. Kazi ya fundi ni kuhakikisha kichwa kile hakidanganyi. Unafunga geji kwenye mpira, unafungua mtungi polepole, sindano ya geji inaruka. Inatakiwa isimame kati ya tisa na kumi. Isiposimama hapo, kuna skrubu: ukikaza inapanda, ukilegeza inashuka.

Lakini kufika si kazi. Kazi ni kukaa. Sindano inayofika na kukaa ni nzima. Inayofika kisha ikaanza kutambaa kwenda juu, unywele kwa unywele, ni gonjwa: kidonge cha plastiki kinachoziba tundu ndani ya kichwa hakizibi tena, na mzamiaji wako akifika chini hewa itamwagika mdomoni mwake mpaka mtungi ubaki mtupu. Kwa hiyo Ilyasi alikuwa na swali lake moja. Aliliuliza akiwa amekupa mgongo: "Imetulia?" Na hukuruhusiwa kujibu mpaka muda upite. Yeye mwenyewe alisoma Fatiha kimoyomoyo. Kasiano, kwa kuwa ni Mkristo, alipewa ruhusa ya kusali Salamu Maria, nzima, bila kukimbizana. Vijana wengi walioajiriwa pale walijibu "imetulia" papo hapo, kwa maana ya mtaani, ambako kila kitu kizuri, iwe shati, muziki au binti wa watu, kimetulia. Hao walizabwa kofi la kisogoni. "Sikukuuliza kama ni nzuri," Ilyasi alisema. "Nimekuuliza kama imetulia."

Na kulikuwa na jambo la mwisho. Ukishaufunga mtungi, hewa inabaki imenaswa kwenye mpira. Unabonyeza kitufe cha kikombe, inatoka yote, sindano inarudi sifuri. Ndipo unatundika. Usiache pumzi ndani ya kitu unachokiweka pembeni, ndivyo alivyosema, na Kasiano hakuacha.

Anisia aliuza mihogo ya kuchemsha kwenye ile yadi. Naye alikuwa mtoto wa Muyinga aliyevushwa akiwa mgongoni, amekulia kijiji cha pili kutoka kwa Kasiano. Alikuwa na ulimi mwepesi, na neno la mzee hakukawia kulichukua. Siku moja aliweka sahani mezani, akamwangalia yule kijana aliyeinamia geji yake, akauliza: "Na fundi mwenyewe, ametulia?" Kasiano alisali Salamu Maria nzima kabla ya kujibu, na binti wa watu akasimama hapo na sinia lake akisubiri. "Nimetulia," Kasiano akasema. Walioana mwaka uleule.

Neno lile wakahama nalo nyumbani. Mtoto wao Riziki alipolala baada ya kulia sana, mmoja alichungulia na mwingine akauliza, imetulia? Wakinuniana, wa kwanza kuchoka kununa ndiye aliyeuliza. Lakini Kasiano hakulitumia ovyo hata nyumbani kwake. Riziki alikua akijua kwamba baba anaweza kusema kitu ni kizuri, ni kitamu, ni kizima, lakini neno lile analitoa tu kwa kitu kilichokoma kusogea.

Amani ilipokuja Burundi na malori ya kurudisha watu yakaanza kuondoka, Ilyasi alimwita Kasiano mezani, akamsukumia regulata moja kuukuu na geji yake. "Chukua." Kasiano akauliza ataipima nini huko milimani. Mzee akasema hajui, lakini fundi hasafiri mikono mitupu. Hawakuonana tena.

Nikuambie sasa kuhusu mlango. Anisia maishani mwake alikuwa amelala nyuma ya pazia la gunia, nyuma ya turubai la msaada, nyuma ya matete yaliyofungwa kwa kamba. Mlango wa mbao wenye kitasa hakuwahi kuwa nao. Kwenye kiwanja walichopewa Mwakiro, walifyatua matofali wao wenyewe, wakaezeka vigae, na seremala alipoleta mlango, Anisia aliupaka rangi ya buluu kwa mkono wake na kuuzunguka kama anayekagua mbuzi wa mahari. Funguo ilikuwa moja. Aliifunga kwenye kamba pamoja na medali ya Bikira Maria, akaivaa shingoni. Hata akienda bondeni kupalilia, na Kasiano amebaki ndani, mlango alifunga. "Papa Riziki, nivumilie," alisema. "Nafunga tu ili nikirudi nifungue."

Misimu minne ya maharage waliila kwa raha. Kisha kikohozi kikaja, kikakaa. Muyinga walimpa dawa, wakampa nyingine, mwisho wakamwandikia aende hospitali kubwa ya Gitega. Huko hospitalini walimvisha barakoa ya hewa kutoka mtungini, na kuanzia hapo Anisia hakuweza tena kukaa bila hiyo. Wakiivua tu wamwoshe uso, midomo inabadilika rangi. Kasiano alilala chini, kando ya kitanda, akisikiliza pumzi ya mkewe usiku na mchana. Ilikuwa fupi, ya juu juu, inayokatikia njiani.

Muuguzi Salima ndiye aliyekuwa na moyo wa kusema. Alimwita barazani. "Papa Riziki, mi sitakudanganya. Daktari amefanya yote. Mapafu yake iko imechoka, ile dawa haifanye kitu tena. Kama munataka arudi nyumbani, donc, ni hii wiki."

Kasiano alirudi ndani akiwa bado anatafuta namna ya kulipunguza makali lile neno. Hakuhitaji. Anisia alikuwa amesikia kila kitu kupitia dirisha. Alisogeza barakoa pembeni.

"Nipeleke nyumbani," akasema. Akavuta pumzi. "Sitaki kufia kwenye kitanda cha namba." Akavuta tena. "Nataka niufungue mlango wangu kwa mkono wangu. Baada ya hapo Mungu anajua."

Hilo ndilo alilolitaka, na Kasiano hakutaka kitu kingine duniani ila alipate. Tatizo lilikuwa barabara. Kutoka Gitega mpaka Mwakiro ni safari ya asubuhi nzima, na bila hewa Anisia asingefika hata mto Ruvubu. Hospitali ilikubali kuwaazima mtungi mdogo. Kichwa chake cha kutolea hewa haikuweza kukiazima, maana vilikuwa vichache, na kila kimoja kilikuwa juu ya mgonjwa wa mtu. Hilo Kasiano hakulibishia. Halafu hata kingekuwepo, kile humwaga hewa wakati wote, mtu avute asivute, na nusu yake huishia hewani. Mtungi mdogo ungeisha njiani.

Akaukumbuka msumari wa Mwakiro. Regulata ya mzamiaji haimwagi. Inatoa hewa mtu anapovuta, basi. Akiacha, nayo inanyamaza. Alimpigia simu Riziki, ambaye sasa ni mwanamke mwenye nyumba yake mlima wa pili, naye akaingia kwa dirisha, maana funguo ilikuwa shingoni mwa mama yake, na kesho yake regulata ya Ilyasi na geji yake zikaingia Gitega kwa basi, zimefungwa ndani ya mfuko wa vitunguu.

Salima alimwelekeza mtaa wa Musinzira, kwa Abubakari. "Ni mukerezaji. Vitanda vyetu ni yeye anatutengenezeaka." Kasiano alimkuta nje ya karakana yake, mtu mnene mwenye kofia ya kufuma, anachomelea geti. Akaushusha mtungi aliokuja nao, akamweleza anachotaka: kipande cha shaba cha kuunganisha kichwa cha regulata na mdomo wa mtungi wa hospitali.

Abubakari aliipindua ile regulata mikononi. Kicheko kilikuwa kimeshaanza kumjia. "Attends, ngoja. We unataka kufunga hii kitu ya kuogelea ku chupa ya hospitali? Ni ya nani?"

"Ni ya mke wangu, fundi. Nataka nimpeleke nyumbani Mwakiro akiwa hai."

Kicheko kikarudi kilikotoka. "Bon," Abubakari akasema. "Ikaa hapa. Geti itangoja."

Alikereza shaba ile mpaka adhuhuri, akaswali, akarudi akaimalizia. Kasiano naye alifungua regulata yote kipande kwa kipande. Hewa ya hospitali, ambayo ni oksijeni tupu, na mafuta ni maadui wakubwa. Chembe ya grisi ndani ya kichwa inaweza kuwaka moto ukifungua mtungi. Kulthumu, mke wa Abubakari, alichemsha maji, akaleta sabuni na beseni jipya, na wakakaa wawili uani wakisugua vyuma vile kama wanaosugua vyombo vya mzazi. Kulthumu hakuuliza mengi. Aliuliza tu watoto wangapi, na Kasiano alipojibu mmoja, akasema mmoja anatosha akiwa na moyo.

Walifunga, wakafungua mtungi polepole. Sindano ikaruka, ikasimama kwenye tisa na nusu. Abubakari akapiga makofi. Kasiano alinyanyua mkono kumtuliza, akaanza Salamu Maria yake. Alipokaribia Amina, sindano ilikuwa imeshaanza kutambaa.

"Iko bien, iko sawa, we unangoja nini?" Abubakari aliuliza.

"Inapanda, fundi. Angalia. Kidonge kimechakaa."

Kidonge cha kubadilisha hakikuwepo, si Musinzira, si Burundi nzima. Kasiano alikitoa, akakipeleka juani, akakigeuza huku na huku. Upande mmoja ulikuwa umechimbika kwa kukandamizwa miaka yote ile ya Kigoma. Upande wa pili haukuwahi kuguswa. Akakirudisha kimegeuzwa, wakafungua tena, akasali, akamaliza. Sindano ilikuwa pale pale. Akasali mara ya pili kwa ajili ya Ilyasi, kama yuko hai au hayuko.

"Imetulia," akasema.

"Imetulia," Abubakari alirudia, analionja neno lile.

Kilibaki kikombe cha mdomoni, na hapo ndipo palipokuwa pagumu. Ndani yake mna springi. Ikikazwa, mtu avute kwa nguvu ndipo hewa ije. Ikilegezwa, pumzi ndogo tu inatosha. Ikilegezwa kupita kiasi, hewa inavuja yenyewe na mtungi unaisha. Wazamiaji wa Kigoma walikuwa na vifua kama magunia, na springi ile ilikuwa imekazwa kwa ajili yao. Anisia hakuwa na kifua tena. Ili kujua wapi pa kuachia, ilibidi mtu avute kama Anisia, na aliyejua Anisia anavyovuta alikuwa mmoja.

Kasiano akaweka mdomo wa mpira kinywani, akafumba macho, akapumua kama mkewe. Fupi, ya juu juu, inayokatikia njiani. Hewa ikakataa kuja. Akalegeza kidogo, akajaribu tena. Ikakataa. Majuma yale yote alikuwa ameisikiliza pumzi ile kwa masikio. Sasa alikuwa ndani yake, na alivyozidi kujaribu kichwa kikaanza kumzunguka, kifua kikaomba zaidi, naye akakinyima, kwa sababu Anisia hakuwa na zaidi. Akaelewa mkewe alikuwa anaishi wapi. Aliwapa mgongo wenzake, akalia kikombe kikiwa bado mdomoni. Lakini geji haijui aibu. Kila kwikwi ilivuta hewa, na kila ilipovuta sindano ikainama, na Abubakari aliyekuwa anaitazama akaona kilio chote pale kwenye kioo. Aliweka spana chini, akasema anakwenda kutafuta kitu nyuma ya nyumba. Nyuma ya nyumba hapakuwa na kitu.

Aliporudi, kikombe kilikuwa kinatoa hewa kwa pumzi ya kiasi cha kuzima kiberiti, na hakikuvuja. Kasiano akashika mkono wa Abubakari kwa mikono yake miwili. Abubakari akamwambia, "Mupeleke. Utanitumia habari."

Asubuhi waliondoka kwa teksi ya Gervasi, kijana wa Mutaho aliyekuwa hanyamazi. Anisia walimlaza kiti cha nyuma, kichwa kwenye paja la Kasiano. Pale uani mwa hospitali Kasiano alifungua mtungi huku Salima na Gervasi wamesimama roho juu. Akatazama, akasali, akatamka: "Imetulia." Salima akashukuru Mungu, na Gervasi akafurahi kana kwamba gari limepona. "Imetulia! Mi napenda hii neno ya Tanzania," akasema. Kasiano alitaka kumweleza, akaona hakuna haja. Kisha akaivua barakoa, akauweka mdomo wa mpira kinywani mwa Anisia, na sindano iliyokuwa imesimama ikainama kidogo, ikainuka. Ikainama, ikainuka. Anisia aliipata pumzi.

Safari nzima Kasiano hakutazama nje. Geji zilikuwa mbili. Ya mtungi ilionyesha hewa iliyobaki, na hofu yake yote ilikuwa kwenye hiyo. Ya Ilyasi, kwenye mpira, iliinama na kuinuka kila Anisia alipovuta. Gervasi hakuweza kuziona kutoka mbele, kwa hiyo aliuliza. "Papa, imetulia?" Kasiano, macho kwenye sindano inayochezacheza, akajibu, "Anavuta. Twende." Baada ya kilima kingine akauliza tena. "Anavuta," Kasiano akasema. Gervasi akajisikia vibaya, maana alitaka kulisikia lile neno.

Kwenye daraja la Ruvubu Anisia aliinua kidole, wakasimama. Alitoa kikombe mdomoni.

"Ndio huu mama alionivusha?"

"Huku ni juu," Kasiano akasema. "Ulivushwa kule chini, mpakani. Lakini maji ni haya haya."

Aliyatazama kwa dirisha lililoshushwa. "Nilifikiri ni mkubwa zaidi," akasema, akarudisha kikombe mwenyewe.

Walipita Karuzi, wakapita Buhiga. Mtungi ulikuwa bado zaidi ya nusu, na hapo moyo wa Kasiano ukaanza kupata ujasiri. Alipiga hesabu ya njia iliyobaki na ya hewa iliyobaki, na mara ya kwanza tangu waondoke akaona zinakutana. Akamwinamia Anisia sikioni, akamwambia hewa inatosha, na itabaki. Anisia akafinya mkono wake. Walipoacha lami na kuingia barabara ya udongo, aliivuta kamba shingoni, akaitoa funguo nje ya nguo, akaishika.

Riziki alikuwa ameshawaambia majirani. Tangu asubuhi walikuwa uani wakingoja, wanawake wamevaa vitenge vya sherehe, Fredi ameleta kiti chake chenye mikono ili mgonjwa akikalie. Ukifika kwenye kona ya mwisho, vigae vya nyumba ya Kasiano vinaonekana juu ya migomba, na chini yake kipande cha mlango wa buluu. Kasiano aliinua kichwa cha mkewe. "Anisia, tazama." Anisia akatazama. Macho yake yalikuwa wazi na yalikuwa mlangoni, hilo Kasiano aliliapia baadaye kwa kila mtu.

Sindano ikainama kidogo, ikainuka. Ikainama kidogo zaidi, kiasi ambacho fundi mwingine asingekiona. Ikainuka. Ikakaa.

Kasiano akaanza Salamu Maria. Hakukimbizana. Alilitamka kila neno kama alivyofundishwa, akiitazama sindano, na kwa mara ya kwanza maishani mwake aliomba isogee. Iteleze, itambae, ipande, ishuke, iwe gonjwa, iwe mbovu. Alifika Amina. Ilikuwa kati ya tisa na kumi, nzima kabisa, pale pale.

Gervasi alikuwa anapanda kilima kwa gia ndogo. "Papa, tumefika. Imetulia?"

Kasiano alikuwa mtu wa kazi yake. Aliulizwa swali, na muda ulikuwa umepita.

"Imetulia," akasema.

Gervasi akapiga honi kwa furaha. Aliipiga mpaka uani, akaruka nje kabla gari halijanyamaza vizuri, akiwaambia watu kwa mikono na kwa mdomo: "Imetulia! Mama iko bien, imetulia!" Wanawake wakapiga vigelegele. Fredi akainua kiti chake juu.

Riziki peke yake hakusogea. Alimshika Gervasi mkono. "Nani amesema imetulia?"

"Ni papa mwenyewe. Sasa hivi, pale ku kona."

Riziki aliyekulia ndani ya neno lile akaketi chini, kwenye udongo, katikati ya vigelegele. Aliyekuwa karibu naye akamwona, akanyamaza, kisha wa pili, na Gervasi akabaki amesimama anawatazama mmoja mmoja bila kuelewa alichosema.

Kasiano alishuka amembeba. Mtungi ulibebwa na Fredi nyuma yake, maana mpira ulikuwa bado mdomoni mwa Anisia na hakuna aliyethubutu kuutoa. Mlangoni Kasiano alipiga goti moja. Akaufunga mkono wa mkewe juu ya funguo, akaufunika kwa wake, na kwa mikono hiyo miwili funguo ikazunguka. Mlango ulifunguka bila kelele. Anisia alikuwa akizipaka mafuta bawaba zake kila Jumapili.

Alimlaza kitandani mwake, akautoa mdomo wa mpira taratibu, akamfuta midomo kwa kiganja. Kisha akageukia mtungi. Ulikuwa na hewa ya kuwarudisha karibu mpaka Gitega. Aliufunga. Alikaa kitambo na kile kikombe mkononi, Fredi akiwa amesimama mlangoni na kofia yake kifuani. Halafu akabonyeza kitufe. Pumzi iliyokuwa imebaki kwenye mpira ikatoka yote mle chumbani, na sindano ikarudi sifuri.